Cheni Tisa Kutoka Mlangoni kwa Masereka

Jumatatu, 10 Juni 2024

Nimerudi kutoka hospitali na Papa, baba yangu. Ana ngiri. Tulijua, na yeye mwenyewe aliijua tangu tukiwa Beni, ila aliificha ndani ya koti kama mtu anayevusha magendo. Leo Daktari Aber ameibonyeza, akaibonyeza tena. Anasema lazima apasuliwe Ijumaa ya wiki ijayo, siku anapokuja daktari mpasuaji. Utumbo ukinaswa kabla ya hapo ni hatari kubwa. Aliposema hivyo alinitazama mimi, si Papa.

Papa akamshukuru vizuri kabisa, kwa adabu zake za ukatekista. Halafu akasema haji.

Haogopi kisu, anasema. Anaogopa kufa hajui atalala wapi. Kule nyumbani kumeungua, makaburi yetu yamebaki msituni na watu wenye bunduki. Lakini babu yake alizikwa upande huu wa Uganda, Bwera, kwenye shamba lake mwenyewe, kabla familia haijavuka mto kwenda Congo. Papa anataka aonyeshwe kaburi hilo kwa macho yake, aone ubavuni pake pana nafasi. Ndipo aingie kwa daktari.

"Miye siingie mu ile nyumba ya kukata batu mbele sijaona fasi nitalala."

Nikamwambia, Papa, watu wanaingia kule na wanatoka. Akasema ni kweli, bengine banatoka, bengine banatolewa. Nimekasirika njia nzima mpaka nyumbani, nikamkasirikia hata mwenye boda aliyetubeba polepole kwa heshima. Naogopa sana.

Jumanne, 11 Juni

Karatasi! Tulipokimbia tuliacha cherehani, mbuzi, picha za harusi yangu. Papa alibeba karatasi. Ni kipimo cha shamba la babu yake, cha mwaka 1939, Kiingereza cha taipureta, mikunjo imetoboka. Kiingereza chenyewe hakijui. Aliibeba kifuani miaka yote kama skapulari, kile kitambaa kitakatifu cha shingoni.

Kiingereza changu ni cha kuuzia vitenge, lakini kwa kusaidiwa na simu nimepata hivi:

"Kuanzia mlangoni kwa Masereka. Kutoka hapo mashariki cheni tisa hadi kichuguu kikubwa. Kutoka hapo kusini cheni nne hadi mti wa mtoma wenye ng'ombe waliolala chini yake. Kutoka hapo kufuata maji hadi pale wanawake wanapoloweka mihogo. Kutoka hapo kurudi kwa Masereka."

Basi. Hilo ndilo shamba. Mzungu aliandika kana kwamba ng'ombe wale wangelala pale pale mpaka leo wakinisubiri mimi.

Masereka huyo ndiye babu yake Papa. Alizikwa uani kwake, hatua chache kutoka mlangoni. Kwa hiyo ninachotafuta kiko kwenye mstari wa kwanza kabisa, na mstari wa kwanza ndio mgumu kuliko yote. Kwa Wakonzo, kabila la mlima huu na letu pia, kila mtoto wa kiume wa tatu ni Masereka. Kila nyumba! Ukisimama sokoni Mpondwe ukaita Masereka, nusu ya wanaume wanageuka, na nusu nyingine wanaenda kumwita kaka yao. Mpimaji hakuuliza jina la pili. Aliona mlango, akauliza wa nani, akaambiwa, akaridhika.

Alhamisi, 13 Juni

Nimepima mwenyewe. Masereka ninayemfahamu mimi ni kinyozi, nyumba yake ni ya zamani, nikaanzia mlangoni kwake. Nikaazima mnyororo wa baiskeli. Cheni tisa mashariki, cheni nne kusini, nikifuata dira ya simu. Ukoo wetu wote, jasho la mababu, umetosha banda la mbuzi wawili. Kichuguu kimeangukia ndani ya choo cha kinyozi, na kulikuwa na mtu.

Papa amecheka mpaka akashika tumbo. Halafu hakucheka tena, alikaa tu ameshika.

Jumamosi, 15 Juni

Kasese. Nimeelekezwa kwa mzee Tumusiime, mpimaji mstaafu, aliyewahi kupima mashimo ya shaba na mipaka ya nusu ya wilaya. Nilipomweleza habari ya mnyororo wa baiskeli alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Nadhani alikuwa anasali.

Cheni ni kipimo, kumbe. Futi sitini na sita, karibu mita ishirini. Anayo moja ya chuma kwenye gunia, ameitoa akaitandaza sebuleni, ikapita jikoni, ikatoka nje, mke wake akairuka na sufuria mkononi bila hata kutazama chini. Amezoea.

Halafu akanifundisha kusoma. Mpimaji wa zamani, anasema, haandiki dunia, anaandika siku yake. Ameona ng'ombe, anaweka ng'ombe. Kazi yangu ni kuuliza kwa nini ng'ombe walale pale: kivuli, maji karibu, ardhi tambarare. Wanawake hawaloweki mihogo popote, wanataka maji yanayosimama. Hapo nimemwelewa. Nilijisikia mwanafunzi mzuri kwa dakika chache.

Kisha akaharibu. "Madamu, hata north ya 1939 si north ya leo. Hiyo kitu inatembea. Compass ya saa hii itakudanganya kidogo."

Nimempelekea Papa habari hiyo. Kaskazini nayo imehama. Papa amefurahi kuliko nilivyotegemea, anasema kumbe hatuko wakimbizi peke yetu.

Tumusiime atakuja Jumatano na gunia lake. Sharti moja: nimtafutie mlango wa Masereka wa kweli.

Jumapili, 16 Juni

Nimeomba tangazo lisomwe baada ya misa. "Familia ya Jean-Bosco, katekista kutoka Beni, inatafuta nyumba ya marehemu Masereka aliyekuwa na shamba lililopimwa mwaka 1939, au wajukuu zake waliobaki huku." Kisha, kwa bidii yangu ya kijinga, nikaomba isomwe ile karatasi yote. Kichuguu, mtoma, ng'ombe, mihogo. Nilidhani nasaidia.

Kanisa zima likawa kimya. Kimya cha watu wanaokariri.

Jumatatu, 17 Juni

Wamekuja. Benchi letu limejaa, wengine wamekaa kwenye ndoo. Wote Masereka. Sokoni wanasema kuna barabara mpya inapita mlimani na serikali italipa fidia kwa wenye karatasi za zamani. Sijui nani kaanzisha. Nimesema hakuna fidia, nataka kaburi tu. Wakatabasamu kama mtu anavyomtabasamia muuzaji anayedai kitenge hiki ni cha mwisho.

Masereka mmoja amekuja na godoro. Mwingine ametoka Katwe na chumvi yake, anadai babu yake ndiye aliyemshikia mzungu karatasi isipeperuke. Mwingine ni Bwambale, namjua, na Bwambale ni jina la wa pili kuzaliwa! Anasema kuna kaka yao alifariki akiwa mchanga hajapewa jina, ukihesabu kwa haki yeye ni wa tatu. Mama yake alikuwepo. Amesema habari hiyo ndiyo kwanza anaisikia.

Papa amempokea kila mmoja, amemwuliza habari za babu yake, amesikiliza. Wageni walipoondoka alitapika. Anasema ni maharage. Hakula maharage.

Jumanne, 18 Juni

Naandika nikiwa nimechoka kucheka na kulia.

Nimepanda mlimani kutazama mashamba kabla mpimaji hajafika. Kwanza nimepita kwa Habibah, anayeuza samaki wa ziwani Kahendero, mume wake ni Mahmood Masereka. Kwenye mfereji mbele ya nyumba yake kuna mihogo inalowekwa. Nikamwambia Habibah, wewe hujawahi kuloweka mihogo, unanunua unga. Akasema mutu anaweza kubadilika.

Nyumba iliyofuata: mihogo. Iliyofuata: mihogo, na ng'ombe amefungwa chini ya mti, analazimishwa kulala. Mwanamume anamsukuma kiunoni, ng'ombe anamtazama. Mbele zaidi watu wanabeba udongo kwa karai wanajenga kichuguu. Kizuri, kikubwa, wamekipiga maji na kukilainisha kwa mwiko. Nikauliza mchwa wako wapi. Wamesema watakuja.

Mlima mzima unafanana na karatasi yangu. Bwera nzima inanuka mihogo. Ningekuwa na akili ningeificha ile karatasi, au ningesoma ya uongo. Sasa hata malaika hawezi kujua lipi ni shamba letu. Na Papa leo amekunywa uji tu, nusu kikombe, huku akinificha uso.

Nimempigia Daktari Aber. Amesema, "Mama, mlete leo." Nikamwambia hataki. Akasema, "Basi tafuta hilo kaburi haraka."

Jumatano, 19 Juni

Tumusiime amefika na gunia, kofia, na fimbo zenye rangi nyeupe na nyekundu. Tumepanda. Kila mlango tunakaribishwa chai. Kila mlango kipimo kinakubali kabisa, kichuguu kipo, mihogo ipo. Mzee wa watu alikuwa anazeeka mbele ya macho yangu. Akakaa juu ya gunia lake.

"Miaka yote ya kazi, sijaona ardhi yenye nidhamu namna hii," alisema.

Kisha akainuka ghafla akauliza: nyumba gani haikutualika?

Moja tu. Juu kidogo, ya yule mwanajeshi mstaafu wanayemwita Afande. Tukaenda. Hakuna mihogo. Hakuna ng'ombe. Kuna kisiki cha mtoma, kimekatwa juzi, utomvu haujakauka. Kuna alama ya duara kwenye udongo ambapo kichuguu kimesawazishwa kwa jembe. Mfereji umefukiwa. Mimea ya mpaka, ile yenye majani marefu, imeng'olewa na kupandwa upya kwa mstari mwingine, na yote imenyauka.

Tumusiime alitabasamu kama bwana harusi. Mlima mzima ulijitahidi kuwa shamba letu. Huyu peke yake alijitahidi lisiwe.

"Wewe! Simama hapo. Nani alikutuma?"

Afande ametoka na shati la ndani na buti. Jina lake, bila shaka, ni Masereka. Nilimwamkia vizuri, nikamwita Afande, nikamweleza: sitaki shamba, baba yangu mgonjwa, anataka kuona kaburi la babu yake, na siku yake ikifika mita mbili za kulala. Hataki hata ndizi moja.

"Kila mtu anakuja na mita mbili. Kesho analeta bibi, keshokutwa analeta lawyer."

Alikataa. Lakini akakataa kama mtu anayetaka kuulizwa tena. Tumusiime akaomba ruhusa ya kunyoosha cheni mara moja tu, kwa heshima ya kazi. Kutoka alama ya kichuguu, cheni tisa kurudi magharibi, na kaskazini imesahihishwa kidogo. Tukapita migomba, tukapita zizi la nguruwe. Mwisho wa chuma ukaangukia mawe ya msingi wa nyumba ya zamani. Na hatua chache mbele yake lundo la mawe lililofyekwa vizuri, maua ya plastiki ndani ya kopo.

Nikasema ndiye. Afande akasema ndiyo, ndiye.

"Babu yangu," akasema. "Masereka. Mama yangu alinionyesha. Mimi nafyeka hii kaburi kila Krismasi tangu niko mtoto."

Alhamisi, 20 Juni

Naandika nimeegemea ukuta, barazani hospitali. Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo nitapiga kelele.

Asubuhi Papa amesikia habari ya kaburi, amevaa suti. Ile moja. Nikasema hospitali kwanza. Akasema kaburi kwanza, tulikubaliana. Hatukukubaliana, lakini alikuwa ameshakaa juu ya boda. Tumepanda mlima polepole, kila shimo nililisikia tumboni mwangu mimi.

Papa akasimama mbele ya yale mawe. Akavua kofia. Akalia bila sauti, machozi tu yanashuka mpaka kwenye tai. Sijawahi kumwona akilia, hata Beni. Nikalia na mimi. Hata Tumusiime, aliyekuwa amekuja kuchukua gunia lake, alianza kukunja cheni ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Afande akavumilia kidogo. Halafu akauliza huyu mzee anamlilia nani.

"Babu yangu," Papa akasema. "Merci kwa kumutunza."

"Mimi sikumtunza babu yako. Nilitunza babu yangu."

Wakaanza. Papa anasema babu yake alikuwa mrefu, mwimbaji, alikunywa pombe ya ndizi mpaka kuku wakamfahamu. Afande anasema babu yake alikuwa mfupi, mkali, hakuonja pombe maisha yake yote. Kaburi moja. Humo ndani kuna mtu mrefu mfupi, mlevi asiyekunywa. Wakamgeukia Tumusiime aamue. Tumusiime akasema karatasi inasema Masereka, na cheni inasema hapa, na yeye anaishia hapo. Labda ni babu wa wote wawili. Labda ni wa mmoja. Labda, akasema kwa sauti ya chini, ni wa mtu mwingine kabisa aliyeko kule chini anajenga kichuguu.

Hapo nilimwona Afande akibadilika. Alitazama yale mawe muda mrefu. Akauliza, si kwa ukali, kama si babu yake basi amekuwa akimfyekea nani miaka yote hiyo. Nilimwonea huruma, mtu mzima na buti zake.

Papa ndiye aliyesema. Alisema pana nafasi mbili, ubavu huu na ubavu ule. Wangoje, walale wote, watamwuliza mwenyewe huko.

Nikadhani tumemaliza! Nikashika mkono wa Papa twende. Kumbe Afande anawaza. Anasema sawa, lakini yeye atalala ubavu wa juu. Wa chini unapokea maji ya mvua. Papa akasema wa juu ni wake, yeye ni mkubwa kwa umri. Afande akasema yeye ni mwenyeji. Akakaa chini, upande wa juu, mgongo kwenye mawe. Papa naye akakaa. Upande wa juu huo huo, suti na yote, bega kwa bega, wanasukumana kama watoto kwenye benchi la shule. Anayeondoka kwanza amepoteza.

Niliomba. Nilipiga magoti. Nikasema Papa, shamba umelipata, kaburi umeliona, ulisema utakwenda. Akasema atakwenda, huyu akiondoka kwanza. Afande akasema jeshini aliwahi kulinda daraja misimu miwili ya mvua bila kubadilishwa. Nikaita mwenye boda anisaidie kumbeba, akasema yeye habebi mzee aliyekaa kaburini. Simu inalia, Daktari Aber. Sikushika, ningemwambia nini?

Jua likapanda. Papa akaacha kubishana. Nikaona jasho, halafu nikaona rangi yake, kama majivu. Alikuwa amejikunja, mkono chini ya koti, meno yamekazwa, na bado bega lake linamsukuma Afande.

"Mzee. Wewe iko sawa?"

"Niko bien."

Afande akaufungua ule mkono wa Papa, akatazama tumbo. Sijui vita alivyoviona mtu yule, lakini alijua. Akapiga kelele moja, ya kambini, mwenye boda akawasha pikipiki bila kupenda. Afande akamwinua Papa kama gunia la kahawa. Papa akamshika kola na kumwambia, nikasikia, kwamba hatoki hapo Afande akibaki.

"Tunatoka pamoja. Moja, mbili."

Wakatoka pamoja. Wamepanda boda moja, Papa katikati, Afande nyuma amemkumbatia kiunoni ili wasiachane. Mimi nimefuata mbio, kiatu kimoja kimebaki kwa Habibah, kwenye mihogo.

Hapa wamempeleka ndani moja kwa moja. Mpasuaji hajafika, ni siku yake kesho, Daktari Aber amesema hangoji kesho, atafanya mwenyewe. Alinishika bega. Utumbo umenaswa, hajui tangu lini. Ningemleta Jumatatu. Ningembeba kwa nguvu. Ningechoma ile karatasi.

Nesi alikuja na kusema barazani ni familia tu, akamtazama Afande, matope mpaka kiunoni. Akamwuliza mgonjwa ni nani wake. Afande alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli.

"Andika ndugu," alisema. "Kupima, tutapima baadaye."

Sasa amekaa kando yangu. Aliniuliza kama Papa anakoroma, kwa sababu ya baadaye, kule kaburini. Nikasema sana. Akatikisa kichwa. Ameninunulia chai na sijainywa. Buti zake zinanukia migomba. Ule mlango una kioo cha ukungu, naona vivuli tu, vinainama, vinasimama.

Mlango umefunguka. Nesi. Anaita ndugu wa Jean-Bosco. Siwezi kuusoma uso wake. Afande ameshasimama wima, mikono ubavuni, anasema yupo, na nesi anasema mzee amepona kisu, ameamka, anauliza kama yule mwenzake ameondoka kwanza.